Kutoka mkeka wa jimnastiki hadi jukwaa la misuli: mwongozo kamili kwa mwanamke

Mwanajimnastiki akiingia jimu ninayofundisha, namtambua kabla hajataja jina. Anaweka mkoba chini, anarukia bomba la juu, anajivuta mara 12 bila kukunja uso, kisha anatua kimya kama paka. Wavulana wote wanaacha kuzungumza. Halafu namwekea chuma cha kilo 40 mabegani na kumwambia achuchumae polepole, sekunde 3 za kushuka, marudio 10. Akifika la 6 anaanza kutafuta ujanja: anashuka kwa kasi, anadunda chini, anarusha nyonga. Mwili wake umefundishwa miaka mingi kuifanya kazi ngumu ionekane nyepesi. Huku anakotaka kuja, inabidi aifanye nyepesi iwe ngumu.

Mwongozo huu nimemwandikia yeye: aliyecheza jimnastiki, au sarakasi, au aliyekuwa yule mtoto wa juu kabisa kwenye mnara wa halaiki, na sasa ni mtu mzima anayetaka kupanda jukwaani kushindana katika kutunisha misuli. Njia hiyo imeshapitiwa na wengine. Carla Dunlap wa Newark, Marekani, alipitia jimnastiki na kuogelea kwa mitindo, na mwaka 1983 akatwaa taji la Ms. Olympia, shindano kubwa kabisa la kutunisha misuli kwa wanawake, mwanamke Mweusi wa kwanza kulitwaa. Oksana Grishina wa Urusi alipanda na jimnastiki yake jukwaani, akashinda Fitness Olympia mara 4 mfululizo, 2014 hadi 2017. Wote wawili walitoka kwenye mkeka, lakini walichoshinda si kitu kimoja. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Chagua daraja kabla hujachagua mazoezi

Watu husema "kutunisha misuli" kana kwamba ni shindano moja. Kwa wanawake kuna madaraja 6, na kila moja lina mwili wake.

Bikini linataka misuli kidogo, umbo laini na mwendo wa kujiamini juu ya viatu vya mchuchumio. Welinesi, lililokulia Brazil na kuingia Olympia mwaka 2021, linataka mapaja na makalio yaliyojaa kuliko sehemu ya juu. Figa (figure) linataka mabega mapana, mgongo unaotanuka na kiuno chembamba. Unageuzwa robo kwa robo mbele ya majaji, mchuchumio bado miguuni. Fiziki (physique) unapanda peku, na misuli zaidi, unakaa mikao ya kukaza huku viganja vikiwa wazi. Kutunisha misuli kwenyewe ndiko kwa ukubwa, uwiano na ukavu kamili, yaani mafuta kidogo kabisa chini ya ngozi. Hapo unaruhusiwa kukunja ngumi.

La 6 ni fitinesi, na hili karibu lilishonwa kwa ajili yako. Majaji wanatazama mwili katika duru moja, na katika duru nyingine unafanya onyesho la muziki lisilozidi dakika 2: kupinduka, kupiga msamba, kusimama kwa mikono, pushapu za mkono mmoja. Fitness Olympia ya kwanza ilikuwa mwaka 1995, na mshindi wake, Mia Finnegan, naye alitokea kwenye jimnastiki. Tatizo ni kwamba daraja hili lina washiriki wachache. Kabla hujaanza kutunga onyesho, waulize waandaaji wa shindano unalolenga kama fitinesi ipo kwenye ratiba yao.

Ushauri wangu: kama bado unapinduka bila woga na vifundo vyako ni vizima, tazama fitinesi. Kama una mabega na mgongo lakini hutaki tena kutua kwenye vifundo vilivyochoka, nenda figa au fiziki. Bikini humkatisha tamaa mwanajimnastiki, kwa sababu mabega aliyoyajenga tangu utotoni yanahesabiwa kuwa yamezidi. Nimemwona binti akijinyima mazoezi ya juu kwa mwaka mzima ili mabega yapungue. Angebadilisha daraja tu, yale mabega yangempa medali.

Usidhani vipimo vya majaji ni vya milele. Kwenye Caesars World Cup ya Las Vegas, mwaka ule ule wa 1983, kulizuka ubishi mkubwa kuhusu mwanamke anapaswa kuwa na misuli kiasi gani, kwa sababu ya Bev Francis, mnyanyua vyuma wa Australia aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake wote. Waliishia kumpa nafasi ya 8, na Carla Dunlap, aliyekuwa na misuli na uwiano na aliyejua kusogea, akashinda. Ms. Olympia yenyewe, iliyoanza 1980, ilisimamishwa baada ya 2014 ikarejea 2020. Kwa hiyo pata karatasi ya kanuni za mwaka huu, za shirikisho lile lile utakaloshindana chini yake. Tangu IFBB, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na IFBB Pro League, ligi ya wa kulipwa, zilipotengana mwaka 2017, hata majina ya madaraja hayafanani kila mahali.

Kuna suala la vazi pia. Madaraja yote haya hukaguliwa ukiwa na bikini. Kama kwako au kwa familia yako hilo ni gumu, lizungumzwe sasa, kabla hujatumia miaka 2 na pesa. Nawajua wanawake wanaofanya kila hatua ya mwongozo huu isipokuwa ile ya jukwaani, na miili yao haina kasoro yoyote kwa hilo.

Hatua ya 2: Kagua uliyoyabeba

Vifundo vya mikono na miguu, kiuno, mabega. Hivyo ndivyo vyumba vya kumbukumbu za jimnastiki. Maumivu ya kiuno yanayozidi ukijipinda nyuma yapelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Kwa wanajimnastiki mara nyingine huwa ni ufa wa zamani kwenye pingili, na huo hautaki kuwekewa chuma juu yake bila ushauri. Kama viwiko na magoti yako yanapinda nyuma kupita mstari ulionyooka, jifunze kusimamisha kila rudio kabla kiungo hakijajifunga. Kunyumbulika unako tele. Kinachokosekana ni uimara katika ncha za mwendo.

Na jambo moja la tabia: mkekani ulifundishwa kumaliza onyesho hata kifundo kikiuma. Achana na hilo. Misuli inayowaka ni sawa. Kiungo kinachochoma ni ishara ya kushusha chuma.

Hatua ya 3: Miezi 12 hadi 18 ya kujenga

Wengi huuliza "shindano ni lini?" siku ya kwanza. Jibu langu huwa ni mwaka ujao, pengine unaofuata. Mwanajimnastiki huja na mbawa, yaani ile misuli ya mgongo inayotanuka chini ya makwapa, na mabega, mikono na tumbo. Ninachokikuta kimechelewa mara nyingi ni nyuma ya mapaja, mashavu ya miguu na kifua cha juu. Miguu yake ina nguvu ya kuruka, lakini nguvu ya kuruka na ukubwa unaoonekana chini ya taa ni vitu viwili.

Fanya siku 4 kwa wiki. Mpangilio ninaoanza nao ni huu (seti ni mkupuo mmoja wa marudio kabla ya kupumzika):

Jumatatu, miguu kwa mkazo wa mbele: kuchuchumaa na chuma seti 4, mashine ya kusukuma kwa miguu seti 3, kupiga hatua na vyuma vya mkononi seti 3, mashavu ya miguu seti 4.

Jumanne, juu: kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi la mwinamo seti 4, kuvuta chuma ukiwa umeinama seti 4, kuinua vyuma kwa pembeni ya mabega seti 4, mikono mbele na nyuma seti 3 kwa 3.

Alhamisi, miguu kwa mkazo wa nyuma: kunyanyua chuma kutoka sakafuni magoti yakiwa yamelegea kidogo seti 4, kusukuma nyonga juu huku mgongo umeegemea benchi seti 4, mashine ya kukunja mguu seti 4, mashavu ya miguu tena seti 4.

Ijumaa, juu: kujivuta kwenye bomba ukiwa umefunga uzito kiunoni seti 4, kusukuma vyuma juu ya kichwa seti 3, nyuma ya mabega seti 3, kifua kwa mashine seti 3, pembeni ya mabega tena seti 3.

Marudio yawe kati ya 6 na 15. Kila seti ifike mahali ambapo ungeweza kuongeza 1 au 2 tu, si zaidi. Hapo ndipo mwanajimnastiki anapokwama, kwa sababu hajazoea kukaribia kushindwa. Mkekani kushindwa kulimaanisha kuanguka. Kwenye mashine ya kukunja mguu kukishindikana, chuma kinarudi chini na wewe unabaki umelala palepale, mzima. Inachukua wiki kadhaa mwili kuamini.

La pili ni kutenga. Mwanajimnastiki akiinua mkono, mwili mzima unamsaidia, ndiyo maana anapendeza. Hapa usisaidiwe. Ukiinua vyuma kwa pembeni na kiwiliwili kikaanza kutikisika, uzito ni mkubwa mno. Shusha kwa sekunde 3, tulia, panda. Wengi hulazimika kupunguza uzito nusu mwezi wa kwanza, na nafsi inaumia kidogo.

Nunua daftari la shule. Andika tarehe, zoezi, uzito, marudio. Wiki ijayo ongeza rudio 1, au ukifika 12 katika seti zote, ongeza kilo 2 na nusu. Mwili hukua kwa kudaiwa zaidi kidogo kila mara, na bila daftari hutajua unachodai. Misuli unayotaka ikue ifikie seti 10 hadi 20 kwa wiki. Mbawa zako tayari ni pana? Ziachie seti 8 na uipeleke nguvu hiyo kwenye nyuma ya mapaja.

Kama umechagua fitinesi, tenga vipindi 2 vifupi vya mkekani kwa wiki, dakika 30 hadi 40, siku ambazo si za miguu. Anza na vile unavyovijua. Mwili wa kilo 60 hautui kama ulivyotua ukiwa na kilo 42.

Hatua ya 4: Kubali kukua

Hapa ndipo wengi wao wanapoachana nami, na nitapazungumzia kwa urefu.

Mtoto wa jimnastiki hujifunza mapema kwamba mwepesi hupaa. Wengine walipimwa uzito mbele ya wenzao. Wengine walipongezwa siku waliyokosa chakula. Anapofika jimu akiwa na miaka 25 bado anakula kama mtu anayeomba radhi, kisha anashangaa mbona miezi 6 imepita na paja halijajaa. Misuli haijengwi kwa hewa. Ukitaka mwili wa jukwaani, lazima kwanza uishi miezi kadhaa ukiwa mzito kuliko ulivyozoea, na mafuta kidogo juu yake.

Hesabu zenyewe hazitishi. Ongeza kalori 200 hadi 300 juu ya zile zinazokuweka palepale. Kwa mwanamke wa kilo 55, mizani ipande gramu 150 hadi 250 kwa wiki, yaani kati ya nusu kilo na kilo 1 kwa mwezi. Ikipanda kwa kasi zaidi, punguza wanga kidogo. Isipopanda wiki 3, ongeza.

Protini iwe gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili. Kilo 55 ukizidisha kwa 1.8 unapata gramu 99, na hizo hazihitaji kopo la unga kutoka ng'ambo. Mayai 3 yana gramu 18 hivi. Kifua cha kuku kilichopikwa, gramu 130, kina 40. Dagaa wakavu gramu 30 wana karibu 18. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15, na glasi ya maziwa ina 8. Jumla ni 99, kwa vitu vya sokoni. Dagaa wana kalsiamu pia, kwa kuwa unakula mfupa na vyote.

Ugali, wali, viazi vitamu na ndizi ni marafiki zako. Uwasogeze karibu na mazoezi, kabla na baada. Mafuta usiyashushe chini ya nusu gramu kwa kila kilo ya mwili hata wakati wa kukata, yaani kupunguza mafuta kabla ya shindano, kwa sababu homoni zako zinayahitaji. Kati ya virutubisho vya dukani ninavyovijua, kimoja tu ndicho ningekununulia: kriatini ya kawaida, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Itakuongezea maji ndani ya misuli na mizani itapanda kidogo. Usiogope.

Kama una historia ya kujitapisha, kujinyima hadi kuzimia, au kupata hofu ukiona mizani, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuanza, na umwambie kocha wako. Mchezo huu hupima chakula kwa gramu na kumhukumu mtu kwa umbo. Kidonda kisichopona kitatoneshwa.

Hatua ya 5: Dawa

Utaambiwa, pengine na mtu mwenye misuli mizuri kuliko yako, kwamba bila sindano hufiki. Kwenye fiziki na kutunisha misuli kwenyewe, ngazi za juu, dawa zimejaa na sina haja ya kukudanganya. Lakini ujue steroidi, yaani homoni za kukuza misuli, zinafanya nini kwa mwanamke: sauti huwa nzito, ndevu huota, nywele za kichwani hupungua, kinembe hukua, hedhi huvurugika. Sauti ikishashuka hairudi hata ukiacha. Chupa za mitaani mara nyingi hazina kilichoandikwa juu yake.

Yapo mashirikisho yanayopima washiriki na kuwafungia wanaotumia. Tafuta hayo. Kwenye figa, mwili wa mwanajimnastiki aliyejengwa miaka 2 kwa chuma na chakula husimama vizuri bila kitu kingine.

Hatua ya 6: Wiki 16 hadi 20 za kukata

Sasa umefika kilo 60, misuli ipo, na shindano lina tarehe. Punguza nusu asilimia hadi asilimia 1 ya uzito kwa wiki, gramu 300 hadi 600. Anza kwa kuondoa kalori 300 hivi, nyingi zitoke kwenye wanga na mafuta, protini usiiguse. Ongeza kutembea, hatua 8,000 hadi 10,000 kwa siku. Vyuma vibaki vizito kadiri unavyoweza. Kosa la kawaida ni kuanza kunyanyua vyuma vyepesi kwa marudio 30 "ili kukausha": mafuta hukatwa na chakula, na chuma kizito ndicho kinachouambia mwili kwamba misuli hii bado ina kazi.

Kuna mstari wa kuuangalia. Chukua kilo za mwili wako zisizo mafuta, tuseme 46, zidisha kwa 30, unapata kalori 1,380 kwa siku. Ongeza kalori unazochoma mazoezini, tuseme 300. Ukikaa muda mrefu chini ya 1,680, mwili unaanza kuzima taa za vyumba usivyoviona: hedhi, mifupa, joto la mwili, usingizi. Siku za mwisho kabla ya jukwaa karibu kila mshiriki hugusa mstari huo. Usiishi chini yake miezi 4. Hedhi ikikata kwa miezi 3, nenda hospitali. Usikubali yeyote jimu akwambie ni dalili ya kufanikiwa. Wanajimnastiki wengi walichelewa kuvunja ungo, kwa hiyo kukosa hedhi wanakuona kwa kawaida sana.

Hatua ya 7: Mikao

Hapa unarudi nyumbani, lakini chumba kimepangwa upya. Unajua jukwaa, unajua kutabasamu huku mapafu yanawaka, unajua kuunyoosha mwili mpaka ncha za vidole. Kinachokuponza ni ile salamu ya jimnastiki: mikono juu, kifua mbele, mgongo umepinda. Kwenye figa mgongo ukipinda hivyo mbawa zinajificha na tumbo linasogea mbele. Unatakiwa utanue mbawa, ushushe mabega, uvute kitovu ndani, na upumue kwa kifua cha juu bila tumbo kulegea.

Anza mikao mapema, ukiwa bado unajenga, dakika 10 baada ya mazoezi. Wiki 8 za mwisho iwe dakika 20 hadi 30 kila siku. Shika kila mkao sekunde 30 hadi 60, maana majaji wanaweza kukuweka umesimama hivyo huku wakilinganisha wengine. Kwenye figa kuna kugeuka robo 4. Kwenye kutunisha misuli mikao ya lazima huwa 5: kukunja mikono yote mbele, kifua kwa ubavu, kukunja mikono kwa nyuma, nyuma ya mkono kwa ubavu, tumbo na mapaja. Jirekodi kwa simu iliyowekwa kwenye usawa wa kiuno, kwa sababu kioo kinakubembeleza. Viatu vya mchuchumio vivae nyumbani ukipika. Misuli ya mapaja hubadilika umbo ukiwa juu yake, na kifundo kilichowahi kuteguka kinahitaji wiki nyingi kuzoea.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho

Usijaribu kitu kipya. Siku 2 au 3 za mwisho ongeza wanga taratibu, vyakula ambavyo tumbo lako linavijua, wali na viazi. Maji kunywa kama kawaida, na chumvi iache kama ilivyokuwa. Misuli iliyokosa maji inaonekana bapa, na dawa za kukojoza zimeshaua: mwaka 1992 Mohammed Benaziza, mtunisha misuli wa kulipwa, alifariki usiku wa shindano nchini Uholanzi. Mtu akikupa kidonge cha kukojoza nyuma ya jukwaa, kirudishe mkononi mwake.

Rangi ya mwili hupakwa hata na wenye ngozi nyeusi, safu 1 au 2, ili taa zisimeze mistari na ngozi ionekane ya rangi moja. Ijaribu wiki 2 kabla, kwenye paja. Beba shuka kuukuu la kulalia, kanda, gundi ya bikini, pini, taulo nyeusi, ndizi, na mkanda mzito wa mpira wa kupashia misuli. Pasha mabega na mgongo. Miguu usiichoshe, la sivyo itatetemeka chini ya taa.

Hatua ya 9: Siku ya pili

Mkekani mashindano yalipoisha ulirudi mazoezini Jumatatu. Hapa mwili umechoka kwa namna nyingine, na njaa yake haina adabu. Mizani ikipanda kilo 2 au 3 wiki ya kwanza, mengi ni maji na chakula kilichomo tumboni. Rudisha kalori mara moja hadi kiwango cha kukuweka palepale, usipande kwa vijiko miezi 3 kama wanavyoshauri wengine, kwa sababu homoni zinasubiri chakula na mafuta kiasi, na kuzichelewesha hakuna faida. Pumzika vyuma wiki 1. Mtu wa karibu ajue kwamba huenda ukawa na huzuni usiyoweza kuieleza, hasa ukijiona kwenye kioo ukilainika.

Kama hedhi ilikata na haijarudi miezi 3 baada ya jukwaa, rudi kwa daktari ukiwa na lile daftari la uzito na chakula. Atalielewa haraka kuliko maelezo ya mdomo.